Semina za Walei: Nani Husema, Nani Husikilizwa?

Tangu Hati ya Mwisho ya Sinodi ilipopitishwa tarehe 26 Oktoba 2024, Kanisa limo katika awamu ya utekelezaji itakayofikia kilele kwa Mkutano wa Kikanisa mjini Vatican, Oktoba 2028. Maparokiani dalili yake ya kwanza ni wingi wa semina: za viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, za makatekista, za halmashauri za walei. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo tumeketi katika semina hizo, tena zaidi ya moja, tukahubiriwa habari za Kanisa linalosikiliza kwa muda wa saa nne, pasipo yeyote kati yetu kuulizwa neno. Maswali yalitengewa dakika 10, kisha yakaahirishwa kwa kuwa wali ulikuwa tayari.

Kasoro hiyo haitokani na nia mbaya, bali na maandalizi. Mtu mzima haji seminani akiwa debe tupu. Mama aliyeongoza jumuiya kwa miaka mingi amepatanisha ndugu, amekusanya rambirambi, naye anajua kwa nini vijana hawaonekani. Paulo Freire, mwalimu Mkatoliki wa Brazil, alikemea elimu inayoweka maarifa kichwani mwa mtu kama fedha benki. Kanda yetu ilimsikia mapema. Mwaka 1973, kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi. Wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Nchini Kenya, katika miaka hiyo hiyo ya 1970, Anne Hope na Sally Timmel waliendesha pamoja na Kanisa Katoliki mafunzo yaliyoitwa DELTA.

Njia ya DELTA yastahili kukumbukwa. Waandaaji walianza kwa kusikiliza yale ambayo watu huyazungumza kwa uchungu au kwa matumaini katika maisha yao ya kila siku. Kutokana na hayo walichora picha au kutunga igizo fupi lenye kuonyesha tatizo bila kutoa jibu. Wanasemina, katika vikundi vidogo, waliulizwa: Mnaona nini? Kwa nini hutokea? Je, hutokea kwetu? Tufanye nini?

Tuchukue mfano wa zaka. Hati ya Mwisho yadai uwazi na uwajibikaji. Mwezeshaji aweza kuisoma ibara kwa ibara, nasi tukasinzia. Aweza pia kuonyesha picha ya mjane akitoa bahasha yake mbele ya ubao wa matangazo usio na taarifa yoyote ya mapato, akanyamaza. Mazungumzo yatakayofuata hayatakuwa mepesi, na hapo, tunadhani, ndipo penye sababu ya wengi wetu kupendelea mhadhara: mhadhara haumdai mtu majibu. Aliyekwisha kuuliza hesabu ziko wapi hatarudi nyumbani akiwa ameridhika na cheti.

Kwa hiyo paroko na mweka hazina na waketi vikundini kama wanasemina wengine, wakiwa tayari kujibu. Tarehe isigongane na palizi, wala mambo yote yasiandikwe kwenye karatasi, maana wapo wasiosoma. Tena kabla ya sala ya kufunga, ijulikane nani atabandika hesabu ubaoni, na Jumapili ipi.