Mvua ya Matogoro isitupikie viporo

Novemba ndiyo hiyo. Songea, nyumbani kwa Wanalizombe, mvua za msimu hazina siri: ni Novemba mpaka Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wake mapema. Swali letu ni moja: wanaopanga ratiba za ligi za wilaya na mkoa huwa wanausoma?

Milima ya Matogoro, chimbuko la Mto Ruvuma, ikijifunika wingu mchana, watu wa mabondeni wanajua jioni ni maji. Halafu mechi tunaiweka saa 10 jioni, muda uleule wa radi! Mpira haudundi, wachezaji wanaumia, mwisho wake kiporo. Timu ya kijijini iliyochangishana nauli itarudi tena kwa hela ya nani?

Dawa ipo, wala haitaki mamilioni. Mechi zipigwe asubuhi, mitaro ya viwanja izibuliwe sasa hivi kabla tope halijatuwahi. Na ngurumo ikisikika, mwamuzi asimamishe mchezo. Sheria ya 5 inampa mamlaka hayo. Shabiki atasubiri. Pointi zinatafutwa tena, roho haina marudiano.