Supahiro wa Handeni kawakosea nini? Staa wa Korogwe apunguze dharau

Haya wadau, klipu mmeiona. Kwa ambao bado: kuna kijana mmoja wa Korogwe, jina linahifadhiwa, mwenye wafuasi wa kutosha TikTok, kila akirudi kutoka Dar lazima kitaa kizima kijue. Safari hii mshikaji wake alimpeleka chumba cha nyuma cha steshenari moja, ambako vijana hukutana Jumamosi kucheza gemu ya mezani. Hakuna pad wala TV. Ni karatasi, penseli, dadu, na mtu mmoja anayesimulia kisa huku kila mchezaji akiigiza shujaa aliyemtunga mwenyewe. Siku hiyo walikuwa wanatunga masupahiro.

Kuna binti anatokea Handeni, nauli yake mwenyewe kwenda na kurudi. Supahiro wake ni mama mtu mzima anayesikia maji yakitembea chini ya ardhi, akiyaita yanapanda juu. Udhaifu wake: hawezi kumpita mtu mwenye ndoo tupu, hata kama nyuma anakimbizwa na maadui.

Staa akasoma karatasi, akawasha kamera. "Sasa dada, huyu supahiro au fundi bomba?" Watu wakacheka. Akaongeza kwamba Handeni si kuna waganga, bora angeleta ungo waruke nao. Klipu ikapanda hewani usiku huohuo.

Kwanza, yeye mwenyewe alitunga nini? Jamaa anayeruka, risasi hazimuingii, macho yanatoa moto, bilionea, anaishi New York. Kwenye udhaifu hakuandika kitu. Hapo hakutunga shujaa, alijichora yeye akiwa na hela. Na gemu yenyewe haiendi hivyo bana. Kila mchezaji anapewa pointi, kila nguvu inanunuliwa, na ukitaka pointi za ziada unajipa udhaifu. Utaratibu huo ni wa siku nyingi, Champions ya Marekani ilikuja nao 1981. Binti alipiga hesabu zake zikakaa sawa. Staa alivunja sheria halafu akamcheka aliyezifuata.

Matokeo yakaonekana mezani. Kisa kilikuwa daraja limekatika, basi limening'inia na abiria ndani. Staa akasema "nalibeba", kisa kikaisha kwa neno moja, akarudi kwenye simu yake. Shujaa asiyeweza kushindwa anaboa kuliko foleni ya benki.

Pili, huo ushamba anaousema. Superman, baba yao wote, alitoka 1938, na kwenye hadithi yake kalelewa shambani Kansas na wazazi wakulima. Mtoto wa shamba kabisa! Mbona huyo hachekwi?

Halafu maji si kichekesho Handeni. Watu wamekua wakipanga ndoo, na mradi wa HTM unavuta maji ya Mto Pangani kutoka hukohuko Korogwe anakotamba staa. Binti aliangalia kwao panauma wapi, akaweka nguvu hapo. Kutunga supahiro ndiyo huko.

Na hao mashujaa anaowafuata New York, Tanga wapo. Mbega anasimuliwa kwenye Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi. Aliota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego, mtoto wa nuksi, mpaka ndugu wakamtenga. Akahama Ngulu na mbwa wake, akiua nguruwe walioharibu mashamba ya watu, akapanda Usambara, akaua simba, wakamfanya mfalme Vuga. Asili anayo, kipaji anacho, doa analo. Karatasi imejaa tayari! Wazigua waliokuwa watumwa Somalia nao wanamsimulia Wanakhucha, mwanamke aliyewaongoza wenzao kutoroka mpaka bonde la Juba. Baadhi ya vizazi vyao wamerudi, wako Chogo, Handeni hiyohiyo inayotaniwa ungo.

Mashabiki wake watasema ni utani tu. Utani Tanga unajulikana, una pande mbili: unanitania, nakurudishia, tunacheka wote. Huyu kamera ilikuwa yake, binti hakuachiwa hata sekunde ya kujibu, na jibu alikuwa nalo. Anayetaka supahiro wa kuruka na aruke, ni raha yake, vijana wengine pale wametunga wa kuruka na wako vizuri. Ila usimpige mwenzio kiki kwa sababu kaleta ndoo.

Jumamosi iliyofuata kiti cha binti kilikuwa wazi. Anayesimulia kisa kaihifadhi karatasi yake kwenye faili, kasema yule mama hamuui wala hampi mtu mwingine. Klipu bado iko juu. Staa aifute, ampigie dada wa watu amuombe radhi, halafu aje amalizie karatasi yake, maana kwenye udhaifu bado ni peupe.