Shabiki, Piramidi hazina 'sub'

KILA droo ya CAF inapotoka na timu ya Tanzania ikaangukia kwa Al Ahly, Zamalek au Pyramids, vijiwe vinachangamka. Huyu anaulizia nauli ya ndege, yule anahangaikia viza, mwingine keshanunua jezi mpya. Na karibu wote wana hamu moja iliyo nje ya mpira: wakifika Cairo, lazima wapige picha na Piramidi za Giza.

Hamu nzuri. Tatizo ni miguu.

Shabiki huyu ndiye yule yule anayesimama jukwaani dakika ya 70 na kumzomea winga aliyeshika kiuno. "Toa huyo, hana pumzi!" Yeye mwenyewe akitumwa chumvi mtaa wa pili anaita bodaboda. Mtu wa hivi akishushwa Giza bila maandalizi, nusu saa nyingi, ataanza kutafuta kivuli. Na kivuli kule ni cha kuokoteza.

Wengi wanaijua Giza kwa picha, na picha zinadanganya. Zinaonyesha piramidi tatu zimebanana kama nyumba za Manzese. Ipigwe hesabu ya mpira. Upande mmoja wa Piramidi Kuu, ile ya Farao Khufu, ni kama mita 230. Uwanja wa mpira una urefu wa mita 105. Maana yake upande mmoja tu unameza viwanja viwili na chenji inabaki. Kuizunguka mara moja ni zaidi ya mita 900, na hiyo ni piramidi moja. Bado ya Khafre, bado ya Menkaure kule juu, bado kuteremka hadi kwa Sphinx, halafu kurudi. Chini ni mchanga na mawe, siyo lami.

Anayelipia kuingia ndani ndiyo kabisa. Kuna sehemu ya njia ya kupandia chumba cha mfalme ambayo kimo chake ni kama mita 1.2, hivyo mtu mzima anapanda ameinama, mapaja yakiwaka moto. Akitoka hapo anakuta ukumbi mrefu ambao dari yake iko zaidi ya mita nane juu, anaweza kunyoosha mgongo, lakini mlima ni ule ule. Humo kuna joto, hewa nzito, na wanaoshuka wanapita njia hiyo hiyo. Ukikata pumzi katikati, kocha hakuoni, na hakuna wa kukupokea namba.

Kuna watakaosema mabasi ya wageni yapo, farasi wapo, ngamia wapo. Sawa. Lakini basi linamfikisha mtu kituoni, haliingii naye ndani ya piramidi. Na ngamia ni bei ya maelewano. Shabiki aliyechoka hana nguvu ya kubishana bei. Atalipa tu.

Halafu kuna jua. Kwenye AFCON ya 2019 iliyochezwa Misri kuanzia Juni, Taifa Stars na Harambee Stars zikiwemo, refa alikuwa anasimamisha mchezo ili wachezaji wanywe maji. Hao ni watu wanaofanya mazoezi kila siku. Sasa mwenye kitambi anayeshinda kijiweni akibishana habari za usajili, yeye nani atampulizia filimbi?

Dawa ni 'pre-season'. Timu haianzi ligi bila kambi, na shabiki naye asipande ndege bila kambi yake. Wiki sita zinatosha. Aanze na dakika 20 za kutembea, siku tatu kwa wiki, kisha aongeze kidogo kidogo mpaka aweze saa mbili bila kulalamika. Anayeishi Dar es Salaam ana Coco Beach, mchanga wa bure wa kuzoeza vifundo. Ngazi za ofisini azipande kwa miguu, lifti aiache. Mwenye presha, sukari au goti bovu amwone daktari kwanza, asisubiri kuanguka nchi ya watu.

Kosa jingine ni viatu. Wengi wananunua raba mpya siku moja kabla ya safari ili wapendeze kwenye picha. Raba mpya ni malengelenge. Wachezaji wenyewe hawavai njumu mpya siku ya fainali. Wanazivunja mazoezini kwanza. Raba ya Giza ivaliwe angalau wiki mbili hapa hapa nyumbani, na soksi zake. Kofia na chupa kubwa ya maji viwekwe mapema kwenye begi. Na ziara yenyewe iwe asubuhi geti linapofunguliwa, siyo saa nane mchana, wala siyo siku ya mechi. Kuna watu wamesafiri kuishangilia timu, na usiku wanasinzia jukwaani.

Simba ilipoitoa Zamalek, mabingwa watetezi, kwa penalti kule Cairo mwaka 2003, haikwenda kwa mdomo. Ilikwenda na miguu iliyoandaliwa. Droo ijayo ikitoka, shabiki aulizie nauli, sawa, ila jioni hiyo hiyo avae raba atoke nje.