Themostati si Adui
Asubuhi moja wiki hii, katika baridi kali ya Njombe, nilimwona dereva wa Kosta akifuta ukungu kwenye kioo cha mbele kwa kitambaa, gari likitembea, hita ikipuliza hewa baridi. Nilipomuuliza, alisema fundi aliitoa themostati kwa sababu gari lilikuwa likichemsha. Naumia kila ninaposikia hivyo. Themostati huyazuia maji yasiende kwenye rejeta hadi yafike nyuzijoto 80 au 90 hivi. Ikitolewa, injini huchelewa kupata moto, nayo hita hukosa joto la kugawa. Mficha maradhi, kifo humuumbua: kama kilichochemsha gari ni rejeta iliyoziba, bado imeziba. Fundi wa namna hiyo hajatengeneza gari. Amemnyima abiria joto na dereva macho.