Kinga Iliyogeuka Silaha

Wapenzi wengi wa raga, kuanzia Nairobi hadi Kampala, huwadharau wachezaji wa futiboli ya Kimarekani kwa sababu moja tu: mavazi. Husema hawa ni watu wanaojificha ndani ya helmeti, pedi za mabega, za mapaja na za magoti, wakati mcheza raga huingia uwanjani na jezi, kaptula na kinga ya meno, basi. Dharau hiyo imekosea shabaha. Aliyevaa helmeti hagongwi kichwani mara chache kwa sababu ameivaa. Mara nyingi hugongwa zaidi, na hugonga zaidi, kwa sababu hiyo hiyo. Ndilo linalonisumbua katika mchezo huu ninaoupenda, na ndilo linalostahili kujadiliwa: je, kinga imewaokoa wachezaji, au imewafundisha kutumia vichwa vyao kama nyundo?

Tuanze enzi ambazo kinga ilikuwa haba. Mwanzoni mwa karne ya 20, vijana wa vyuo vya Marekani walicheza na sweta nene, suruali zilizotiwa pamba na, kwa baadhi yao, kofia ya ngozi. Walisukumana makundi kwa makundi, na walikufa. Mwaka 1905 vifo vilizidi hadi Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton. Mwaka uliofuata pasi ya kurusha mbele iliruhusiwa ili wachezaji watawanyike badala ya kurundikana. Vifo havikukoma papo hapo, na mwaka 1910 sheria zikarekebishwa tena. Lakini angalia dawa iliyotafutwa: walibadilisha namna ya kucheza, hawakukimbilia vazi.

Vazi lilikuja baadaye, na lilikuja na nia njema. Mwaka 1939 John T. Riddell alitoa helmeti ya plastiki mahali pa ile ya ngozi, na mwaka 1943 ligi ya NFL ikamlazimisha kila mchezaji avae helmeti. Fuvu likapata ganda gumu. Kilichobaki wazi kilikuwa uso, na uso ulikuwa bado unamwonya mtu. Mwenye pua na meno ya kupoteza huweka kichwa pembeni anapomkaba mwenzake, akatanguliza bega. Mwaka 1953 Otto Graham wa Cleveland Browns alipigwa mdomoni katika mechi dhidi ya San Francisco, akashonwa, na kocha wake Paul Brown akaagiza helmeti ya Graham ifungwe kipande cha plastiki mbele ya uso ili arudi uwanjani. Haikuchukua muda vyuma vya kukinga uso vikawa kawaida kwa kila mtu.

Hapo ndipo onyo la mwisho lilipoondoka. Katika miaka ya 1960 makocha wengi walifundisha waziwazi kwamba mkabaji atangulize uso wa helmeti kifuani mwa mwenye mpira. Mwaka 1968 wachezaji 36 wa ngazi mbalimbali walikufa kwa majeraha ya uwanjani, wengi wao kwa majeraha ya kichwa na shingo. Daktari Joseph Torg wa Philadelphia alichunguza picha za mechi na kueleza shingo inavunjikaje. Mtu akiinamisha kichwa kidogo, ule mpindo wa kawaida wa uti wa shingo hunyooka. Utosi ukigonga kitu wakati huo, kichwa husimama lakini kiwiliwili kinaendelea kuja, na pingili za shingo, zilizobanwa katikati, hupasuka. Helmeti iliyo nzima, isiyo na hata mkwaruzo, haisaidii kitu. Kijana anaanguka na hasimami tena maisha yake yote.

Mwaka 1976 vyuo na shule za sekondari vikapiga marufuku kukaba kwa kutanguliza kichwa. Msimu huo wachezaji 34 wa ngazi hizo walipooza mikono na miguu kwa kudumu. Mwaka 1984 walikuwa 5. Helmeti nazo zilikuwa zimeboreshwa, kwani viwango vya upimaji viliwekwa miaka ile ile, na hilo lilipunguza vifo vya kuvuja damu kichwani. Ila shingo zile ziliokolewa na sheria. Hakuna pedi iliyofanya kazi hiyo.

NFL ilichelewa. Agosti 1978, katika mechi ya kujiandaa na msimu mjini Oakland, Darryl Stingley wa New England Patriots alijirusha kufuata pasi iliyompita, na beki wa wapinzani, Jack Tatum, akamgonga akiwa bado hewani. Stingley alikuwa na miaka 26. Alipooza hadi alipofariki mwaka 2007. Waamuzi hawakuita kosa, maana kwa sheria za siku ile hapakuwa na kosa. Ilipofika mwaka 2018 ndipo ligi hiyo ilipofanya kosa kwa mchezaji yeyote kuinamisha kichwa na kumgonga mwenzake kwa helmeti.

Kisha kuna ubongo, na hapa helmeti inafikia kikomo chake. Kazi yake ni kuzuia fuvu lisipasuke, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Lakini ubongo umeelea ndani ya maji yake. Kichwa kikisimama ghafla au kikizungushwa, ubongo huendelea kwenda, hujivuta na kujipinda, na ganda la nje haliwezi kuushika. Mwaka 2002 Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria aliyekuwa akifanya kazi Pittsburgh, aliupasua mwili wa Mike Webster, nguzo ya Pittsburgh Steelers kwa miaka mingi, akakuta ubongo unaoonekana wa kawaida kwa macho lakini ulioharibika ulipotazamwa kwa hadubini. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walitangaza kwamba kati ya ubongo 111 wa waliowahi kucheza NFL, 110 ulikuwa na CTE, ugonjwa wa kuharibika ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Takwimu hiyo isomwe kwa uangalifu: wengi walitoa ubongo wa jamaa zao kwa kuwa tayari waliona dalili. Ushahidi mzito zaidi, kwangu, ni utafiti mwingine wa chuo hicho ulioonyesha kwamba kila mwaka wa ziada wa kucheza huongeza uwezekano wa CTE kwa takriban asilimia 30. Madhara hujengwa na ile migongano midogo ya kila siku ambayo haimwangushi mtu, naye halalamiki kwa sababu amevaa helmeti na hakusikia maumivu.

Basi tuivue? Wapo wanaosema hivyo, na wana kitu cha kuonyesha. Katika Chuo Kikuu cha New Hampshire, Erik Swartz aliwachukua wachezaji 50 akawagawa mara mbili. Kundi moja lilivuliwa helmeti na pedi za mabega kwa dakika chache tu za mazoezi ya kukaba, mara moja au mbili kwa wiki, bila kutumia nguvu zote. Kila mchezaji alibandikwa kihisio nyuma ya sikio. Mwisho wa msimu, waliokuwa wakijifunza vichwa wazi waligongwa kichwani kwa asilimia 28 pungufu, hata walipokuwa wamevaa kila kitu. Mwili ulikuwa umekumbuka kujihami. Pete Carroll, aliyekuwa kocha wa Seattle Seahawks, naye mwaka 2014 alitoa video akiwafundisha makocha ukabaji wa bega alioazima kutoka raga.

Lakini raga yenyewe haina usalama wa kujivunia. Steve Thompson, aliyetwaa Kombe la Dunia na Uingereza mwaka 2003, amegunduliwa kuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu akiwa na miaka arobaini na kitu, na amesema hakumbuki kushinda kombe lile. Alicheza bila helmeti. Kuvua tu hakutoshi, na kwa futiboli hii ya leo, yenye watu wa kilo 130 wanaoanza mchezo hatua moja kutoka kwa mwenzao, kuvua kungerudisha mafuvu yaliyopasuka.

Kinachofanya kazi ni kupunguza migongano yenyewe. Mwaka 2016 vyuo vya Ivy League vilisogeza mbele mahali pa kupigia mpira wa kuanzia ili mipigo mingi iishie eneo la goli la wapinzani bila mbio za kukutana. Mitikisiko ya ubongo katika mipigo hiyo ilishuka kutoka takriban 11 hadi 2 kwa kila mipigo 1,000. Kabla ya hapo, kocha Buddy Teevens wa Dartmouth alikuwa amekataza wachezaji wake kukabana wenyewe kwa wenyewe mazoezini. Walikaba masanamu, na timu bado ilishinda mechi. Zile kofia za sponji zinazovalishwa juu ya helmeti, ambazo NFL ilizifanya lazima mazoezini kwa nafasi kadhaa kuanzia 2022, ligi inasema zimepunguza mitikisiko kwa zaidi ya nusu. Tafiti kwa wachezaji wa sekondari hazikuona nafuu kama hiyo. Nisingependa tuweke tumaini letu kwenye sponji.

Hili linatuhusu. Daniel Adongo, Mkenya aliyekuwa mcheza raga, aliingia Indianapolis Colts mwaka 2013, na mwaka 2023 NFL ilileta kambi yake ya vipaji Nairobi. Vijana wetu wataendelea kuuona mchezo huu kama mlango. Daktari Robert Cantu wa Boston ameshauri kwa miaka kwamba watoto wasikabane kabla ya kufika miaka 14, wacheze ile futiboli ya kuchomoa utepe kiunoni, ambayo itachezwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Nakubaliana naye kabisa. Mzazi ambaye mwanao ameshavuka umri huo na anataka kujiunga na timu: usimuulize kocha helmeti ni ya kampuni gani. Muulize wanagongana mara ngapi kwa wiki mazoezini, na kama hawezi kukujibu, mrudishe mtoto nyumbani.