Land Rover ya mzee isiozee kihambani

Ukipanda kutoka Uchira kuelekea Kirua Vunjo, si ajabu kukuta Land Rover ya zamani imesimama kihambani, matairi hayana upepo na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Bodi bado nzima, kwa kuwa ni ya alumini na haishiki kutu. Kilichokufa ni injini. Familia inasubiri vipuri halisi kutoka Uingereza na huku ndizi zinateremshwa sokoni kwa gari la kukodi.

Hapo ndipo huzuka mabishano ya ndugu. Je, ifungwe injini nyingine kutoka Japani, au gari libaki kama lilivyotoka kiwandani?

Wapo wanaodai kwamba Land Rover yenye injini ya Toyota au Nissan si Land Rover tena. Hoja yao ina uzito. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam Aprili 1948, na wanunuzi wa magari ya kale huangalia kwanza kama namba ya injini ni ile ya kiwandani, ndipo wazungumze bei.

Hata hivyo, mkulima hanunui gari la kuweka kwenye maonyesho. Gari kwake ni kama jembe. Injini ya petroli ya cc 2,286 iliyoanza kufungwa mwaka 1958 ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 70 tu, tena ilikunywa mafuta kweli kweli. Injini ya dizeli iliyotumika, ambayo vipuri vyake vinapatikana Moshi mjini, inaweza kulirudisha gari kazini.

Kampuni yenyewe imepita njia zote mbili. Mwaka 2016 ilitangaza kufufua Series I 25 kwa vipimo vyake vya asili. Mwaka 2018 ikatangaza kuzifungia Defender 150 zilizokwishatumika injini ya V8 ya lita 5, lakini haikuishia kwenye injini. Iliziongezea pia breki na springi.

Hilo ndilo somo ambalo wengi hulisahau. Mwenye gari akishasikia injini mpya inanguruma, huona kazi imekwisha. Land Rover nyingi za zamani zina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, zilizotengenezwa kwa mwendo wa pole. Kuongeza nguvu bila kugusa breki, kisha kupakia mikungu ya ndizi na kuteremka Kirua wakati wa masika, ni kucheza na roho za watu.

Kwa hiyo, kabla ya kununua injini, chasisi igongwe kwa nyundo kuanzia mbele hadi nyuma, kwani hiyo ni ya chuma na huliwa na kutu kwa ndani. Fundi aandike gharama zote: bamba la kuunganisha injini na giaboksi, rejeta, bomba la moshi, breki na ufundi wenyewe. Bei ya injini peke yake hudanganya. Namba mpya ya injini iingizwe kwenye kadi ya gari kupitia TRA, na kampuni ya bima ijulishwe. Vinginevyo, siku ya ajali au ya kuuza, mwenye gari atajuta.

Mwisho, fundi asikate chasisi pale anapoweza kutengeneza vishikizo vya kufunga kwa bolti, na injini ya zamani isiuzwe kama chuma chakavu. Ipakwe mafuta, ifunikwe, ihifadhiwe stoo. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Leo gari litafute ada ya shule na mbolea ya kahawa. Kesho, mjukuu akipata uwezo, atairudisha injini ya babu mahali pake.