Taa za Ziwani

Aghalabu mtu mzima hudhani kuwa maajabu ya dunia ni mambo ya watoto. Yeye ana lindo na zamu, ana ada ya shule na bei ya mchele. Juma hili tulifikirie jambo hilo kwa kisa cha nyumba moja ya Gihosha.

Baba wa nyumba hiyo ni askari. Alitumikia nchini Somalia, ambako majeshi ya Burundi yalianza kupelekwa mwaka 2007. Aliporejea, usingizi ulimkataa. Kila usiku alitoka uani, akasimama kuelekea ziwani. Mkewe alitambua kwamba hatazami, bali analinda. Kila taa kwake ilikuwa dalili ya mtu, na kila kiza maficho.

Usiku mmoja binti yao wa miaka saba alimfuata. Akauliza, "Baba, mbona juma lililopita taa za ziwani zilikuwa nyingi, na leo ni chache?"

Baba akatazama. Ilikuwa kweli. Alikuwa ameishi kilimani hapo miaka kumi, wala hakupata kuliona hilo. Akajibu, "Sijui, mwanangu. Kesho tutauliza."

Asubuhi wakamwendea mama auzaye ndagala sokoni. Mama yule akacheka, akasema, "Ni mwezi, baba! Mwezi ukiwa mpevu, taa za wavuvi hazina kazi."

Ndivyo ilivyo. Ndagala, ambao majirani zetu wa Kigoma huwaita dagaa, mchana hukaa chini majini. Usiku hupanda juu, wakifuata vijidudu wanavyovila. Wavuvi huwasha taa, karabai zamani na siku hizi hata za betri, nao samaki huukusanyikia mwanga. Lakini mbalamwezi ikienea ziwani kote, taa haiwavuti tena.

Tena ziwa lenyewe ni ajabu. Kina cha Tanganyika hufika mita 1,470, na katika maziwa yote ya dunia ni Baikal la Urusi pekee linalolipita. Huko chini kabisa maji hayana hewa ya kutosha, wala samaki hawaishi. Ndagala tunaokaanga jikoni hutoka katika tabaka la juu tu.

Tangu siku hiyo baba na binti walihesabu taa kila jioni kabla ya mtoto kulala. Mwezi ulipopungua, hesabu ilipanda, hata binti akachoka kuhesabu. Mkewe anasema kuwa bwana bado huamka usiku. Ila sasa hutoka na kiti, na asubuhi ana habari ya kumsimulia mtoto.

Hatusemi kwamba taa za wavuvi ni dawa. Askari aliyekosa usingizi kwa siku nyingi na amwone daktari, na wala si aibu. Tunasema tu kwamba jicho lililofunzwa kutafuta hatari laweza pia kufunzwa kutazama, na mwalimu wake huenda ni mtoto aliyemo nyumbani.

Basi, akina baba na akina mama, mtoto akiuliza jambo msilolijua, msimfukuze. Semeni, "Sijui, kesho tutauliza." Kisha kesho yake mwende kweli.